Mtaji na Maarifa Vikutane Kwenye Meza ya Kahawa

Askari apokeapo kiinua mgongo hupokea kitu kisichorudi mara ya pili. Mshahara huwa na mwezi ujao. Kiinua mgongo hakina. Miaka ya gwaride, ya doria, ya kulala handakini na ya kuwa mbali na watoto imekusanywa yote ikawa hundi moja. Wenye hila wanalijua jambo hilo vizuri, na mara nyingi huijua tarehe ya kustaafu kwa askari kuliko wanavyoijua jamaa zake. Fedha haijamaliza juma benki, anatokea bwana mmoja nadhifu mwenye mkoba na karatasi za rangi, anataja faida ya kila mwezi isiyopatikana katika benki yoyote, na kabla mwaka haujaisha mstaafu anabaki na karatasi zile za rangi mkononi.

Katika mji huo huo aishimo mstaafu wetu yumo kijana, wa kike au wa kiume, asiye na hila lakini asiye na fedha. Amesomea kompyuta, naye ametunga programu ya simu ya kumwezesha mkulima kujua bei ya mahindi sokoni kabla hajapakia gari, au ya kumsaidia mwenye duka kuweka hesabu ya bidhaa zake. Benki inamdai dhamana ya ardhi asiyokuwa nayo. Baba yake ni fundi cherehani. Kila asubuhi kijana huyu na yule mstaafu hupishana barabarani bila kujuana, mmoja akitafuta mtaji, mwingine akitafuta mahali salama pa kuuweka.

Leo twapenda kueleza njia moja nyepesi ya kuwakutanisha watu hawa wawili. Njia hiyo haihitaji jengo wala bajeti ya serikali. Yahitaji meza, kahawa, siku moja ya juma isiyobadilika, na subira. Imekwisha kujaribiwa katika miji mingi ya dunia, nasi twaona kwamba askari na polisi wa Uganda, walio kazini na waliostaafu, wanayo sababu ya kuifahamu, ya kuishiriki na, inapobidi, ya kuilinda.

MKAHAWA WA LONDON

Mwaka 2007 bwana mmoja wa mjini London aitwaye Saul Klein, aliyepata kufanya kazi katika kampuni ya Skype, aliutambua upungufu mmoja wa mji wake. London ilikuwa na wenye fedha wengi, tena ilikuwa na vijana wengi waliokuwa wakibuni shughuli za intaneti; lakini makundi hayo mawili yalikutana kwa taabu. Kijana aliandika barua, akangoja miadi, akapita kwa katibu mahsusi, na hatimaye akapewa dakika chache za kujieleza mbele ya mtu asiyemjua. Klein akatangaza kwamba kila juma, siku moja na saa moja, watu wakutane katika mkahawa mmoja wa mjini. Mwenye kampuni changa aje, fundi wa kompyuta aje, na mwenye fedha za kuwekeza naye aje, wanywe kahawa na kuzungumza. Mikutano hiyo ikaitwa OpenCoffee, jina lenye maana ya kahawa iliyo wazi kwa kila mtu.

Msomaji aangalie kwa makini mambo ambayo hayakuwapo. Hapakuwa na kadi ya uanachama wala ada. Hapakuwa na mwenyekiti, jukwaa, hotuba wala kumbukumbu za kikao. Kila mtu alinunua kikombe chake mwenyewe, na mwenye mamilioni alisimama foleni moja na kijana aliyekuja kwa basi. Wala wazo hilo halikuwa mali ya mtu mmoja. Yeyote katika mji wowote aliruhusiwa kuanzisha meza yake bila kuomba kibali London, na kwa hiyo desturi hiyo ikaenea upesi Ireland, Ugiriki na nchi nyingine.

Yawezekana mtu akauliza: kuna nini cha ajabu katika watu kunywa kahawa? Jibu limo katika neno moja, nalo ni kurudia. Tabia ya mtu haionekani katika mkutano mmoja. Siku ya kwanza kila mtu ni mkweli, kila programu inakaribia kukamilika, na kila mwenye fedha yu tayari kutoa. Lakini kijana aliyesema juma la kwanza kwamba kazi yake itakamilika baada ya mwezi, juma la tano ataulizwa imefika wapi, tena ataulizwa na watu wale wale waliomsikia. Tajiri aliyeahidi kumjulisha mwenzake kwa mnunuzi naye atatazamwa machoni. Sisi askari twaifahamu sana kazi ya kuitwa majina kila asubuhi: kwa kuitwa majina kamanda hujua nani yupo, nani hayupo, na nani ana mazoea ya kutokuwapo. Meza ya kahawa ya kila juma huifanya kazi hiyo hiyo kwa watu wa biashara, bila sajini na bila daftari.

Kwa sababu hiyo, ni kosa kuidhani meza hii kuwa soko la kutolea fedha. Ni mahali pa kupeleleza ardhi kabla ya kusonga mbele. Hakuna kamanda mwenye akili ampelekaye askari wake bondeni kabla ya kutuma watu kulitazama bonde. Hata hivyo wapo maofisa hodari waliolipeleka jasho la miaka 20 katika biashara waliyoisikia jana jioni.

JAMBO LENYEWE NI LA KALE

Alilolifanya Klein halikuwa jipya katika mji wa London. Katika karne ya 17 kahawa ilipoanza kunywewa mjini humo, mikahawa iligeuka mahali pa kupata habari. Mtu alilipa peni moja, akapewa kikombe, akaketi na yeyote aliyemkuta. Mnamo mwaka 1688 mkahawa wa mtu aitwaye Edward Lloyd, uliokuwa katika mtaa wa Tower Street, ulikuwa umekwisha kujulikana. Wateja wake walikuwa manahodha, wenye meli na wafanyabiashara. Lloyd alifanya bidii ya kupata habari za meli zilizofika na zilizozama, kwa hiyo waliotaka kuzikatia meli zao bima walijua pa kuwapata watu wa kuibeba hasara. Mwenye meli alileta karatasi yake, na kila aliyekubali kubeba sehemu ya hatari aliandika jina lake chini ya maandishi. Soko kubwa la bima la Lloyd's, lililopo London hadi leo, lilitoka katika mkahawa huo na bado lina jina la mwenye kahawa.

Mkahawa mwingine, wa Jonathan, ulikuwa kituo cha wauzaji na wanunuzi wa hisa. Mwaka 1698 mtu mmoja aitwaye John Castaing alianza kutoa humo orodha ya bei za hisa na bidhaa. Mwaka 1773 madalali wa hisa walihamia katika jengo lao wenyewe, nalo likaitwa soko la hisa. Taasisi hizo mbili, zinazotajwa leo duniani kote kwa heshima, zilizaliwa na watu waliozoea kuonana mahali pamoja na saa moja, hata kila mmoja akajua neno la nani lina uzito na la nani ni upepo.

Katika historia hiyo kuna sura mbili ambazo askari na polisi hawana budi kuzisoma.

Sura ya kwanza inahusu serikali. Tarehe 29 Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitoa tangazo la kuifunga mikahawa yote kuanzia tarehe 10 Januari 1676. Sababu aliyoitoa ni kwamba wavivu walikusanyika humo na kueneza uvumi dhidi ya serikali. Malalamiko yakawa makubwa mno, hata tarehe 8 Januari, siku mbili kabla ya amri kuanza kutumika, mfalme akaiondoa. Maneno mabaya huenda yalisemwa katika mikahawa ile, kama yanavyosemwa popote penye watu wengi. Lakini kama milango ingefungwa, pamoja na wavumi wangetawanywa pia manahodha, mafundi na wafanyabiashara ambao miaka 12 tu baadaye walikuwa wakijaa katika mkahawa wa Lloyd. Mlinzi wa amani ni lazima ajue kutofautisha. Watu wanane walioketi hadharani mchana, mlango wazi, kompyuta mbele yao, wakibishana juu ya gharama za kuendesha tovuti, hawapangi fitina. Polisi mwenye busara akipita atasalimu, na siku ya mapumziko atavuta kiti.

Sura ya pili inahusu tamaa. Mwaka 1720, katika mitaa hiyo hiyo ya mikahawa, watu wa London waliingiwa na wazimu wa kununua hisa za kampuni iliyoitwa South Sea. Hisa iliyouzwa kwa pauni mia moja na kitu mwanzoni mwa mwaka ilifika karibu pauni 1,000 wakati wa kiangazi, na kabla mwaka haujaisha ikaanguka hadi karibu na pale ilipoanzia. Mabwana, wajane na wanazuoni walipoteza mali. Hata Isaac Newton, mtaalamu mkuu wa hesabu na elimu ya maumbile, alipata hasara kubwa. Kahawa haikuwaokoa, kwa sababu walikuwa wameacha kuulizana maswali na kuanza kuigana. Meza humfaa mtu anayeuliza tu. Kwa anayefuata mkumbo, meza ni mahali pengine pa kuchuuziwa uongo.

NAIROBI NA KAMPALA

Twaweza sasa kurudi Afrika Mashariki. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, waandishi na mafundi wachache wa kompyuta walitengeneza kwa siku chache, mwezi Januari 2008, tovuti iliyoitwa Ushahidi, ambamo wananchi walituma habari za matukio na kuyaonyesha katika ramani. Kazi hiyo iliwezekana upesi kwa kuwa wengi wao walikuwa wamekwisha kufahamiana, na kila mmoja alijua mwenzake anaweza nini.

Mwezi Machi 2010 watu wa kundi hilo, wakiongozwa na Erik Hersman, walifungua mahali paitwapo iHub katika ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong, Nairobi. Palikuwa na meza, intaneti ya kasi na, bila shaka, kahawa. Mtunga programu, mwanafunzi na mwenye fedha waliketi chumba kimoja. Tarehe 1 Septemba 2016 hata Mark Zuckerberg wa Facebook alifika hapo kuwasikiliza vijana wa Kenya wakieleza kazi zao. Baadaye iHub ilihama jengo lile, na mwaka 2019 ikanunuliwa na CcHub ya Lagos, Nigeria. Majengo hubadilika wenyewe, na ruzuku za wafadhili huisha. Lakini mafahamiano yaliyojengwa katika ghorofa ile hayakuuzwa pamoja na samani.

Hapa kwetu Kampala, Hive Colab ilianza mwaka 2010 na Outbox ikafuata mwaka 2012, zote zikiwa mahali pa vijana wa kompyuta kufanyia kazi na kukutana na wenye mitaji. Na kila askari wa trafiki aliyepata kusimama katika makutano ya barabara za Kampala anaijua kofia ya rangi ya chungwa ya SafeBoda. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2014 na watu watatu, nao ni Ricky Rapa Thomson, Mganda aliyekuwa mwendeshaji wa bodaboda, pamoja na Alastair Sussock na Maxime Dieudonné waliotoka ng'ambo. Mmoja alizijua barabara, abiria na shida za waendeshaji. Wengine walijua mambo ambayo barabara haifundishi. Waendeshaji wakafundishwa usalama wa barabarani, wakapewa kofia mbili, moja ya abiria, na programu ya simu ikawaunganisha na wateja. Mwezi Desemba 2021 mfuko wa Google wa kuwekeza Afrika uliichagua SafeBoda kuwa kampuni yake ya kwanza.

Tunaitaja habari hii kwa sababu ya fundisho moja. Mtu wa bodaboda, mtu wa kompyuta na mtu wa mtaji si kawaida yao kuketi pamoja. Kila mmoja ana kijiwe chake. Wanapokutanishwa, kila mmoja akamwona mwenzake kuwa na sehemu ya jawabu, hutokea kitu ambacho hakuna hata mmoja angeweza kukifanya peke yake. Je, tungoje bahati iwakutanishe, au tuwawekee siku na saa?

DESTURI YETU WENYEWE

Mtu asiseme kwamba haya ni mambo ya kigeni. Kahawa ni mmea wetu. Aina ya robusta ni mmea wa asili wa misitu ya nchi zilizozunguka Ziwa Nyanza, na arabika hustawi katika miteremko ya Mlima Elgon na Rwenzori. Zamani, kabla mtu yeyote hajatufundisha kuikaanga na kuisaga, Waganda walimkaribisha mgeni kwa punje za kahawa za kutafuna, kama walivyofanya Wahaya wa ng'ambo ya mpaka. Tena kahawa ilikuwa kiapo. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu kwa kuchanjiana walitwaa tunda moja lenye punje mbili. Kila mmoja akachanja ngozi yake, akaipaka punje damu, wakabadilishana, wakala. Punje mbili za tunda moja zilikuwa ishara ya watu wawili wenye dhamana moja. Aliyemhini mwenziwe baada ya hapo alijua amejitakia laana.

Na kule Pwani ya Mombasa na Unguja, wenzetu waliotupa lugha hii hawajaacha kuketi barazani jioni, muuza kahawa akija na dele lake la shaba na vikombe vidogo, huku habari za bei, za safari na za ndoa zikipimwa kwa utulivu. Anayetaka kukopesha au kushirikiana na mtu huanza kwa kusikia barazani mtu huyo anasemwaje.

Sisi, kinyume chake, twailima kahawa, twaiuza nchi za mbali, kisha twanywa chai. Kuanzia mwaka 2013, katika mpango wa Operation Wealth Creation, maofisa wa jeshi letu waligawa miche ya kahawa kwa wakulima katika wilaya nyingi. Jeshi limeshiriki kuipanda. Haitakuwa ajabu askari wakijifunza pia kuketi mbele yake.

NAMNA YA KUANZA

Kwanza ni mahali. Katika mikahawa ya kisasa ya Kampala kikombe kimoja chaweza kuzidi bei ya mlo mzima wa kibandani. Meza ikiwekwa huko, koplo hatakuja mara ya pili, na kijana asiye na kazi hatakuja hata mara ya kwanza. Chagueni mkahawa wa kawaida, wenye viti, umeme na mwenyewe asiyewafukuza watu kwa kukaa muda mrefu. Anayetaka chai na anywe chai. Jina la meza lisimnyime mtu kiti. Mahali pawe hadharani, nje ya kambi, ili raia aingie bila kuandikwa jina langoni.

Pili ni siku na saa. Iwe siku moja, kwa mfano Jumamosi saa nne asubuhi, na isibadilishwe. Ikinyesha mvua, meza ipo. Wakija watu wawili, meza ipo. Wengi huanzisha jambo hili kwa shangwe, wakaja watu 30, juma la pili wakaja 11, la tatu wanne, na mwanzilishi akavunjika moyo akabaki nyumbani. Siku hiyo hiyo aliyobaki nyumbani ndiyo aliyokuja mtu aliyetakiwa, akakuta kiti kitupu, naye hakurudi tena. Mlinzi haachi lindo kwa sababu usiku umepita bila adui.

Tatu ni mwenyeji. Hahitajiki mwenyekiti, lakini yahitajika mtu mmoja au wawili wa kufika mapema, kumpokea mgeni na kumwambia: "Karibu ndugu, keti karibu na huyu, yeye anashughulika na jambo kama lako." Kazi yote ya mwenyeji ni hiyo ya kujulishana watu. Asiligeuze kuwa jukwaa lake, wala asimkaribishe mgeni rasmi wa kuhutubia. Mgeni rasmi akishahutubia, watu huondoka pamoja naye.

Nne ni mazungumzo. Kila anayekuja aseme mambo matatu kwa ufupi: anafanya nini, amekwama wapi, na anaweza kumsaidia mwenzake kwa lipi. Hilo la tatu lisisahauliwe, maana meza ya watu wanaoomba tu hukauka. Sajini wa ugavi aliyeendesha ghala kwa miaka 15 anajua mambo ya kuhesabu na kutunza bidhaa ambayo mtunga programu hakuyasoma chuoni. Fundi wa mawasiliano wa jeshi anajua namna ya kuleta mtandao mahali pasipo na umeme wa uhakika. Mpelelezi wa polisi anajua jinsi wezi wa fedha za simu wanavyomhadaa mteja. Maarifa hayo ni mtaji kabla hata mtu hajafungua mkoba.

Tano, na hili ni amri: fedha isipite mezani. Asiwepo mtu wa kuchangisha, kuuza hisa wala kupokea malipo ya kwanza mahali pale. Wawili wakipatana, na wakutane siku nyingine, mbele ya wakili, kwa maandishi. Kanuni hii moja itamfukuza tapeli upesi kuliko polisi kumi, kwa maana tapeli hana nafasi ya kungoja. Yeye huishi kwa neno leo, na meza hii husema juma lijalo.

TAHADHARI ZETU SISI

Yapo mambo yanayotuhusu sisi wenye sare peke yetu. Askari aliye kazini na afuate taratibu za kikosi chake kuhusu shughuli za biashara, na amjulishe mkuu wake. Aende bila sare na bila silaha, kwa kuwa raia hawezi kujadiliana bei kwa uhuru na mtu mwenye bunduki begani. Vyeo vibaki langoni: mezani kapteni aweza kusahihishwa na msichana wa miaka 22 kuhusu kompyuta, naye ashukuru. Habari za kazi, za kambi na za operesheni zisitajwe kabisa. Na deni la biashara lidaiwe mahakamani kama la raia mwingine yeyote. Atakayemtumia askari mwenziwe kumtisha mshirika wake ameivunja meza pamoja na sheria.

Kuhusu fedha yenyewe, kampuni changa nyingi hufa. Huo ni ukweli wa nchi zote, London ikiwemo. Mstaafu asiweke humo fedha ya ada ya watoto, ya paa wala ya matibabu. Atenge kwanza akiba yake, kwa mfano katika Wazalendo SACCO au Exodus SACCO, kisha sehemu ndogo, ambayo hata ikipotea nyumba haitatikisika, ndiyo aishiriki. Bora zaidi, askari watano au kumi waunganishe sehemu zao ndogo na kumsaidia kijana mmoja waliyemtazama miezi sita, kuliko mmoja kumwaga zote kwa mtu aliyemjua juzi.

Na kabla ya kutia sahihi, maswali yaulizwe. Kampuni imesajiliwa katika ofisi ya usajili, URSB, na wenye hisa ni nani? Ni wateja wangapi waliolipa kwa fedha zao, si waliosifu tu? Hesabu ziko wapi? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayekusanya amana za watu ana leseni ya Benki Kuu ya Uganda? Anayeuzia umma hisa ana idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji? Mwishoni mwa mwaka 2019 maelfu ya watu nchini mwetu waliachwa wakilia kwenye milango iliyofungwa ya kampuni iliyojidai kuuza sarafu za kompyuta. Wengi wao walikuwa wamejulishwa na rafiki, naye rafiki alijulishwa na rafiki, bila mtu hata mmoja katika mnyororo huo kuuliza faida inatoka wapi. Mtu aliyezoea kuketi na watu wa kompyuta kila Jumamosi angeweza kuuliza swali hilo mezani, na bila shaka angepata wa kumtahadharisha.

Ndugu askari, ndugu polisi, hatuahidi utajiri. Twasema tu kwamba katika kila mji wenye kambi, uwe Bombo, Jinja, Mbarara, Gulu au Soroti, kuna fedha zinazoogopa na kuna maarifa yanayosinzia, na kati yake hakuna ukuta ila kutojuana. Kutojuana hakuondolewi na semina ya siku moja hotelini. Huondolewa na watu wachache wenye msimamo, wanaosema kwamba Jumamosi saa nne tutakuwapo, nao wakawapo kweli, juma hili, na lijalo, na la mwezi ujao. Kuwapo mahali uliposema utakuwapo, saa uliyosema utakuwapo, ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa siku tuliyovaa buti. Raia wengi wangetamani kuwa na mazoea hayo. Basi tuyatumie: aliye karibu na mstaafu amwambie, aliye na mtoto msomi wa kompyuta amchukue, na Jumamosi ijayo meza iwekwe.